Tabitha Akataa Kuapa

Asubuhi ya kesi, Tabitha Fothergill alikaa na Marafiki wenzake, hao ambao watu wa mjini huwaita Wakweka, wakimngoja Mungu kimya kimya. Wenzake walitulia. Yeye mikono ilimwasha, akafinya aproni kama anayekamua nguo. Bonde zima la Dent hufuma soksi hata njiani, na siku hiyo sindano aliziacha nyumbani.

Jethro, mtoto wa jirani yake Agnes, alishtakiwa kuiba kondoo, na mwizi wa kondoo hunyongwa. Siku ya wizi Jethro alikuwa kwa Tabitha akiezeka paa, kutwa. Hakuna mwingine aliyemwona.

"Shika Biblia uape," hakimu alimwambia mahakamani.

"Kwetu hatuapi, Miles. Nikisema ndiyo, ni ndiyo."

"Niite mheshimiwa."

"Mama yako alikuita Miles."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Mwacheni bibi huyo. Hata soksi haapi kuwa ni soksi."

"Usipoapa sikusikilizi," hakimu akasema, "na kijana atakwenda na maji."

Agnes akamshika mkono. "Dada yangu, neno moja tu. Apa leo, utatubu kesho."

Tabitha akatazama Biblia, akamtazama Jethro, akaitazama tena Biblia.

"Nikiapa leo, Agnes, basi siku zote nyingine nilikuwa naongopa."

Akamgeukia Lancelot, mwenye kondoo, ambaye pia ndiye mnunuzi wa soksi pale bondeni. "Lancelot, mzigo wangu wa soksi huwa unaufungua kuhesabu?"

"Sijawahi."

"Basi Jethro alikuwa juu ya paa langu tangu kulipopambazuka hadi giza."

Lancelot alijikuna shingo weee. "Mimi watu hawa siwapendi," akasema mwishowe. "Kofia hawavui, salamu hawana. Lakini huyu hajanidanganya hata uzi. Nafuta mashtaka."

Jethro akaachiwa. Tabitha akafungwa, kwa kukataa kuapa.

Jioni Agnes akamletea gerezani mkate wa oti na sindano zake. Akamkuta anazunguka chumba kile kidogo kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Agnes, Jethro wako yuko wapi?"

"Nyumbani, amelala. Kachoka, masikini."

"Mwamshe," akasema Tabitha, tayari anaanza kufuma. "Upande wa nyuma wa paa hajaumaliza, na mvua hiyo inakuja."