Mtu Hai Ndani ya Jeneza

Nilijifunza kufunga majeraha kwenye mashamba ya mkonge, Mazinde, enzi za Mwingereza. Dresa wa shambani, yaani mhudumu wa vidonda, alichoka kuitwa kila mtu alipokatwa na mashine, akachagua vijana wachache akatufundisha kukandamiza kidonda, kufunga mfupa kwa vijiti, kumlaza aliyezimia. Mkataba wangu ulipokwisha nilirudi kwetu Handeni, nikapata wenzangu watatu, tukaanza kuifanya kazi ile kijijini bure. Watu wakatuita madaktari wa matambara. Wenzangu walicheka. Mimi nina hasira za karibu tangu utotoni, sikucheka.

Shida yetu haikuwa damu, ilikuwa njia. Hospitali ya mjini ilikuwa mbali kwa mguu, na masika lori la Mhindi mwenye duka halikufika kwetu. Wagonjwa tuliwabeba kwa kitanda cha kamba, kizito, kipana, kinachokwama kwenye kila kichaka. Kitu pekee kijijini kilichotengenezwa kwa ajili ya kubeba mtu kilikuwa jeneza la msikiti: jembamba, jepesi, lenye mipini mirefu ya kukaa begani. Nikaenda kuliomba. Mwalimu wa msikiti alifikiri sana, mwisho akasema mbao ni mbao, chukueni. Lakini hakuna mgonjwa aliyekubali kulilalia. Mzee mmoja aliyevunjika mguu alituambia afadhali atambae.

Wa kwanza kukubali alikuwa dada yangu mkubwa. Alijifungua alfajiri, mtoto akatoka salama, kondo la nyuma likagoma, damu ikawa haikatiki. Mumewe alikuwa Korogwe kwenye mkonge. Wakunga walipoishiwa dawa na maneno wakaniita.

"Dada, kwa kitanda hatufiki," nikamwambia.

Alilitazama jeneza pale mlangoni, kisha mtoto mikononi mwa mama. "Nipandisheni," akasema.

Tukaondoka wanne, tukiwa na hofu. Kwenye kijiji cha kwanza watu walituona kwa mbali, wakaacha majembe wakaja mbio. Kwetu jeneza halipiti mtu akabaki ameketi. Kulibeba hata hatua chache ni thawabu, na hakuna anayeuliza ni nani. Wakapokea mipini wakaanza kumtaja Mungu, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikapumua. Ndipo dada akaguna kwa maumivu.

"Huyu yu hai?" akauliza mtu aliyekuwa mbele yangu.

Nikasema ndiyo, mgonjwa, tunamwahisha hospitali. Wakalitua jeneza chini kama lina nyoka. "Kama hajafa, msituletee uchuro," wakasema, wakarudi mashambani kwao. Hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo lililoniuma: maiti ana ndugu kila kijiji, mgonjwa ana wanne tu. Niliwatukana mpaka sauti ikanikauka.

Tukaendelea peke yetu katika tope. Tuliteleza, tukapumzika, tukateleza tena. Mwenzetu mmoja alitapika kwa uchovu. Kabla ya mto tukaona kundi jingine la wanaume likija. Dada akanishika kidole.

"Mdogo wangu, nifunike uso. Sitaguna tena."

Nikakataa. Dresa alitufundisha kumsemesha mtu anayetoka damu njia nzima, maana akishanyamaza hujui tena yuko wapi. Nikamweleza hivyo.

"Ukinisemesha watanitua," akasema, akavuta kanga mwenyewe.

Sijawahi kuona mgonjwa akienda upesi namna ile. Wanaume wale walituondolea mipini begani kwa upole, kama wafiwa, wakatuambia tutembee tu. Mto ulikuwa umejaa; wakaingia majini wakamvusha, jeneza likiwa juu ya vichwa vyao. Hakuna aliyeshangaa tulikoelekea, walidhani tunampeleka kuzikwa kwa watu wake. Kila tulipopita wengine walipokea, na wanawake kando ya njia wakalia kwa sauti. Dada alikuwa akisikiliza msiba wake mwenyewe, nami sikuweza hata kumwambia "pole". Nilitembea ubavuni nimeuma meno, nikiangalia kanga kama inapanda na kushuka. Kwa mwendo ule kila kitu kilipanda na kushuka. Tulipoingia mjini, pale Chanika, wenye maduka waliegesha milango mpaka tukapita.

Niliwageuzia wabebaji njia ya hospitali, wakanifuata. Pale dresa wa zamu alifunua kanga, akamgusa shingoni, akamwekea sikio kifuani. Kisha akauliza, "Amekata roho lini?"

Wabebaji walishangazwa na swali. Mmoja akajibu, "Sisi tumempokea hivi hivi." Wote wakanigeukia mimi, wa nyumbani, mwenye kujua. Mwili ulikuwa na joto bado. Labda ilikuwa Chanika, labda mtoni, labda mara tu baada ya kujifunika. Alikuwa ameahidi kunyamaza, akanyamaza.

Mtu mmoja aliyeshika mpini tangu mtoni, bega limechubuka, nguo zinachuruzika maji, akanishika mkono. Akaniambia nisilie sana, maana marehemu wetu amesindikizwa na watu wengi. Nilitaka kumpiga. Nilishindwa, kwa sababu alikuwa amembeba dada yangu mwendo mrefu kuliko mimi.