Moshi Nyuma ya Mtaa Wetu

Miaka michache baada ya Uhuru walituletea umeme Rumonge, nami mpaka leo nikisikia mtu akiusifu umeme ule, damu inanichemka. Mashine yake ya mafuta ya mazutu, yaani dizeli, waliifunga upande wa milimani, nyuma kabisa ya nyumba za mtaa wetu wa Waswahili. Taa zenyewe ziliwaka ofisini, nyumbani kwa mkuu wa komini, mtawala wa tarafa yetu, na kwenye baa. Sisi tulipata moshi.

Kila jioni mashine iliwashwa, na kila jioni upepo wa milimani ulishuka kuelekea ziwani, ukipita kwetu kwanza. Mama alikuwa na pumu. Mchana kutwa alianika ndagala mchangani bila shida, lakini magharibi ikifika alikaa kitandani ameshika magoti, akiitafuta pumzi. Mimi nilikuwa nimeolewa na kuachika, na sikuwa na mtu mwingine duniani ila yeye.

Tulilalamika hadi mabwana wawili wakatumwa kutoka Bujumbura. Mkuu wa komini alisema serikali sasa ni yetu, kwa hiyo raia watatoa maoni, na mabwana wataamua mashine ikae au ihame. Kisha akaitisha mkutano saa tisa mchana! Mvuvi yeyote wa Magara angewaambia kwamba saa hizo upepo unatoka ziwani. Mashine ikawashwa ili waione, moshi ukakimbilia kwenye michikichi huko juu, mabwana wakatazamana.

"Moshi iko wapi? Mimi sioni," mmoja akasema.

Tukawaeleza habari ya upepo, wakacheka. Mama akasimama aseme, kikohozi kikamkata. Mkuu wa komini akampungia mkono akae.

"Huyu mama hana neno. Tuendelee."

Watu wakacheka tena, wengine wao majirani zetu. Nikaapa moyoni kwamba yule mkuu wa komini atakikohoa kicheko kile.

Baada ya siku chache wakarudi kututangazia uamuzi: mashine inakaa. Ilikuwa mchana vilevile. Sasa, kwetu mgeni akishaambiwa chungu kiko motoni, kuondoka ni kumtukana mwenye nyumba, na hata mkuu wa komini hakuthubutu. Asubuhi ile, nikijua wanakuja, nilikuwa nimempeleka mama kwa rafiki yake kule Kigwena, moshi usimkute. Nikawatandikia wageni mikeka uani kwetu, nikawaambia mukeke uko jikoni. Samaki alikuwa jikoni kweli, ila moto haukuwapo. Kila walipouliza, wanawake wenzangu waliwajibu kwa adabu zote:

"Mungoje kidogo, babangu. Chakula iko karibu."

Nikawapa ndizi za kupoza njaa. Jua likazama nyuma ya milima ya Kongo, mashine ikaanza kunguruma kama kawaida yake, upepo ukageuka.

Wallahi, nilifurahi. Moshi ulishuka uani mzito, unanuka mazutu, mabwana wakajiziba pua kwa vitambaa. Mkuu wa komini alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Alipotaka kuinuka, jirani yangu mmoja akamkalisha: "Chakula iko inakuja, bwana mukubwa!" Ndipo nikawasha moto, taratibu. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Wakala samaki huku wakikohoa, na hakuna aliyeuliza tena moshi uko wapi.

Kabla mwezi haujaisha mashine ilihamishwa mbali, nje ya mji. Mtaa mzima ukanisifu, hata wale waliocheka. Mama alilala vizuri kiangazi kile, lakini kifua kilikuwa kimekwisha kuharibika, na mvua zilipoanza akafariki.

Mkuu wa komini alikuja matangani na mchele na sukari. Hayo yalikuwa kabla ya mwaka wa sabini na mbili, serikali ilipoua watu kwa maelfu. Baada ya mauaji yale nani angethubutu kumjibu mkubwa? Alikaa, akanipa pole, akasema angalau marehemu alisikilizwa kabla hajaondoka. Nilimrudishia mchele wake mbele ya watu wote.

"Hapana," nikamwambia. "Mama yangu alikohoa mwaka muzima, ile mashine haikusogea. Weye ulikohoa jioni moja tu."