Siku Nilipowaonyesha Wageni Chui

Chekeni kwanza mmalize ndio nianze, kwa sababu najua nusu yenu mmeshaiona ile video na nusu nyingine mmesimuliwa na walioiona, tena wakatia chumvi (eti nililia, eti nilipanda juu ya gari, uongo mtupu), na mimi nimechoka kusikia mkasa wangu mwenyewe ukiharibiwa na watu ambao hawakuwepo. Aibu ni yangu, acheni niisimulie mwenyewe.

Kazi yangu mnaijua. Nina studio pale Donholm, kiti kimoja na pazia la bluu, napiga picha za pasipoti, za kuhitimu, za harusi, na wateja wakiadimika hata matanga naenda. Nimezaliwa na kulelewa Ziwani, baba alikuwa mtu wa reli, na ingawa simba wanalala pale ng'ambo ya jiji, karibu kuliko kwa shemeji yangu, mnyama pekee wa porini niliyekuwa nimemwona kwa macho yangu ni wale ndege wakubwa wenye upara wanaosimama juu ya miti ya barabarani kama wazee wa kamati. Darasa la sita shule ilitupeleka mbugani, kweli, lakini nilikuwa nimemaliza mkate wangu na wa rafiki yangu kabla hatujafika, kwa hivyo nililala kutoka geti la kuingilia hadi geti la kutokea.

Sasa kuna mama mmoja, Madam Rosa, ana kampuni ndogo ya kutembeza wageni, na mimi ndiye nilipiga picha za harusi ya binti yake. Alhamisi moja akanipigia simu akihema. Kuna wageni wanne wanakuja kutoka ng'ambo kwa safari ya siku kumi ya kupiga picha za wanyama, siku ya kwanza hapa Nairobi, halafu mbuga ya Mara, na yule kiongozi wake, anayewafundisha wageni mambo ya kamera na mambo ya wanyama kwa pamoja, amelazwa na malaria.

"Erasto, wewe kamera unaijua," akasema. "Wanyama je, unawajua?"

Hapo ndipo ningesema ukweli nikaendelea na maisha yangu. Lakini nilikuwa nimekaa tangu asubuhi bila mteja hata mmoja, nikitazama lile pazia la bluu, na jibu likatoka lenyewe kama chafya.

"Madam, wanyama? Hao ni watu wangu."

Akaniambia nikifanya vizuri siku hiyo ya kwanza, Mara naenda, na baadaye kazi inaweza kuwa yangu kabisa. Nikamwambia mke wangu Jentrix, Jentrix akamwambia mama, na mkimwambia mama jambo mmeliambia kanisa. Jumapili pasta akaniita mbele, wakaniwekea mikono, mama akitoa shukrani kwa Kiswahili na kwa Kiluhya kwa sababu lugha moja haikumtosha. Nilirudi kwenye kiti nikiwa mtu mwingine. Siwezi kusema sikujiandaa, hapana. Nilienda Gikomba nikanunua koti la mifuko kumi na minne, lile la rangi ya vumbi, nikajitazama kwenye kioo cha studio nikaona kabisa, huyu sasa ni mtu wa porini.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi tukakutana na gari. Dereva alikuwa Mzee Mutiso, mtu wa Machakos, mpole, amewaendesha wageni tangu mimi nikiwa navaa kaptura. Akanipa mkono, akalitazama lile koti polepole, mfuko kwa mfuko, akasema, "Karibu, mwalimu." Sikuelewa wakati huo kama ni heshima au ni nini. Wageni walikuwa mtu na mke wake, kijana mmoja mrefu mwenye lenzi kubwa kama bomba la maji taka, na mama mmoja mzee anaitwa Greta, mwalimu mstaafu, nywele nyeupe, sauti ya chini. Huyo Greta aliniambia tukiwa bado getini kwamba ameshakuja Afrika mara mbili kumtafuta chui na hajawahi kumwona, na hii ya tatu ndiyo ya mwisho kwa sababu magoti yake yamekataa.

Tukaingia. Kulikuwa na ukungu na manyunyu, nyasi zimelowa. Mambo yakaanza kuniharibikia mapema. Mnyama wa kwanza nikasema ni swala. Wa pili nikasema ni swala. Wa tatu alikuwa mkubwa, ana uso mrefu kama mtu aliyenyimwa mkopo, nikaona huyu sasa si swala, nikasema kwa sauti ya kufundisha, "Nyumbu." Greta akashusha darubini yake, akasema taratibu, "Nadhani ni kongoni, sivyo?" Mzee Mutiso akakohoa. Nikasema ndiyo, kongoni, nilitaka kuona kama mko macho. Baada ya hapo kijana wa lenzi akaniuliza jina la ndege mmoja mwenye kifua cha njano, nikamwambia tumwache ndege kwanza, leo tuko na wanyama. (Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, kando ya mtu anayejua kila unyoya wa mbuga ile, na sikumuuliza hata neno moja, kwa sababu mwalimu atamuulizaje dereva?)

Kufikia saa mbili unusu hakuna aliyekuwa ananiuliza kitu tena. Walikuwa wanaongea wao kwa wao, na Greta alikuwa amefungua kitabu. Ndugu zangu, kufungua kitabu ukiwa na kiongozi! Nikajua Mara imeenda, na kule kanisani nitaenda kusema nini? Ndipo, huko mbali, nyuma ya vichaka, juu ya tawi la mti mmoja mkubwa, nikaona madoadoa.

"Simama!" nikamwambia Mutiso. "Chui!"

Gari likasimama. Mutiso akatazama, akatazama tena, akanigeukia.

"Una hakika, mwalimu?"

"Mzee, kuona ndiyo kazi yangu."

"Haya."

"Tangaza kwa redio, wenzetu nao wapate."

"Nitangaze?"

"Tangaza!"

Akachukua ile redio ya gari akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kifo, kwamba kiongozi wake ameona chui. Kiongozi wake. Aliniweka mimi kwenye ile sentensi, yeye akabaki nje.

Haikupita robo saa magari yalikuwa manane, yamejipanga upande mmoja wa barabara, lenzi zote zinatazama mti wangu. Halafu likaja basi la shule, watoto wamejaa madirishani. Halafu gari la askari wa mbuga. Watu walinong'ona kama wako msibani. Na Greta, yule mama, alikuwa amesimama na mkono mmoja mdomoni, machozi yanamtiririka bila sauti. Akanishika bega. "Asante, Erasto," akasema. Nami nikasema karibu, kama vile chui nimemzaa mwenyewe.

Ningenyamaza hapo pengine ingekuwa nusu aibu. Lakini nilianza kufundisha. Nikawaambia huyu ni jike. Nikawaambia ameshiba, ndiyo maana amelegea vile, pande mbili za tawi. Mtu na mke wake wakauliza mbona hasogei hata sikio, nikasema chui ana subira kuliko wanadamu. Yule kijana wa lenzi kubwa akasema majani yanamzuia lakini anaona kitu kama mstari mwekundu, umenyooka kabisa, karibu na shingo.

"Damu," nikasema. "Amewinda alfajiri."

Gari zima likashusha pumzi. Mutiso akafungua chupa yake ya chai.

Ndipo pale chini ya mti vichaka vikacheza na mtu akatokea. Mtu kabisa, amevaa gambuti na kofia ya sufu, sepetu begani, anatembea moja kwa moja kuelekea kwa chui akipiga mluzi. Mama mmoja kwenye gari la jirani akapiga yowe. Watoto wa basi wakapiga yowe. Na mimi (hapa ndipo mnaposema nilishikwa na wazimu, sibishi), mimi nikafungua mlango. Mbugani hairuhusiwi kushuka, imeandikwa getini kwa maandishi makubwa, lakini niliona maisha ya mtu yanapotea mbele yangu na koti langu lina mifuko kumi na minne. Nikaruka barabarani nikapunga mikono yote miwili.

"Rudi nyuma! Wewe! Chui juu yako! Usikimbie, rudi polepole!"

Yule mtu akasimama. Akatazama juu. Akatutazama sisi, magari manane na basi. Akatazama juu tena. Halafu akanyoosha mkono, akamshika chui mkia, akamvuta chini.

Chui akaanguka phwaa, mzito kwa maji ya mvua. Yule mtu akamkung'uta mara mbili, akamkunja katikati, akamkunja tena, akamweka kwapani. Lilikuwa blanketi, wajameni. Yale mablanketi mazito ya kuuzwa mlango kwa mlango, yenye picha ya chui mzima mzima na upindo mwekundu, hata kwa mama lipo moja.

Ungedhani hapo ndipo mwisho wa adhabu. Lakini yule mtu alikuwa bado ananitazama, amekunja macho, kisha uso wake ukachanua.

"Erasto? Niaje, buda!" akaniita kwa sauti ya kufika getini. "Kumbe na wewe umepata kibarua huku? Ni kwa mtaro?"

Alikuwa Ochi. Ochi wa Ziwani, tumekulia ploti moja, harusi yake nilipiga picha mimi. Yeye na wenzake wamepewa kazi ya kuzibua mitaro ya barabara za mbuga, wanalala kwa hema karibu na hapo, usiku hema limevuja.

"Nini mbaya?" akauliza, sasa akiona zile nyuso zote. "Ni hii blanketi? Mama mkwe ndiye alinipea. Si kuanika tu?"

Hapo basi la shule lililipuka, na dirishani nikaona simu imeninyooshea, ndiyo ile video yenu. Mwalimu wao alijaribu kuwanyamazisha, lakini alikuwa amejiinamia mwenyewe, mabega yanamtikisika. Redio za magari zote zikafunguka kwa pamoja, madereva wanane wakicheka kwa lafudhi nane. Askari wa mbuga, dada mmoja mrefu, akateremsha kioo.

"Nani ametangaza chui?"

Magari yote yakanitazama.

"Bwana," akaniambia, "rudi ndani ya gari. Na wewe wa blanketi, nilikwambia Ijumaa usianike kitu kwenye miti."

Nikarudi ndani. Kijana wa lenzi alikuwa anatazama kamera yake, ana picha labda mia mbili za lile blanketi. Nikamgeukia Greta nikamwomba msamaha, nikamwambia ukweli wote, wa studio, wa pasipoti, hata wa darasa la sita. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akajipangusa uso kwa leso, akasema, "Ungeniambia asubuhi. Kongoni peke yake alinitosha."

Halafu akaomba kubadilishana viti. Akakaa mbele na Mzee Mutiso, mimi nikaenda nyuma kabisa na vikapu vya chakula. Na nawaambia, mchana ule nilisikia mambo. Yule mzee alitaja ndege kwa majina, Kiswahili, Kikamba na Kizungu, akajua kiota kiko wapi na nani amehamia humo mwezi uliopita. Akatuonyesha vifaru wawili niliodhani ni mawe. Sauti yake haikupanda hata mara moja.

Tulipokuwa tunatoka getini nikapata nafasi ya kumuuliza pembeni.

"Mzee, ulijua?"

"Hao vibarua wako hapo wiki ya pili sasa."

"Mbona hukuniambia?"

Akafunga chupa yake ya chai. "Nilikuuliza una hakika. Nikakuuliza tena, nitangaze?"

Madam Rosa hakunifokea. Aliniambia tu Mutiso atawapeleka Mara peke yake, na tangu hapo hajatafuta kiongozi mwingine, kazi yote ya kuongoza amempa yeye. Siku ya tano ya ile safari mzee akanitumia picha kwa simu, chui wa kweli amelala juu ya mti, na Greta kwenye gari amegeuka nyuma anacheka kama msichana. Hakuandika neno lolote chini yake. Niliitazama nikafurahi kwa ajili ya yule mama, nafurahi hata sasa, lakini nililala nimegeukia ukuta.

Ziwani sasa naitwa Chui, hata na watoto ambao hawakujua jina langu. Mama alikaa Jumapili tatu bila kusimama kwenye shukrani. Ochi naye, msee mzuri yule, alikuja studio kuniomba radhi, eti angejua ni mimi niko barabarani angeacha kwanza watu wapige picha.

Nimeapa. Juzi mteja mmoja aliingia akitaka mtu wa harusi ya dada yake huko Kakamega, akaniuliza kama ile kamera ya kuruka angani najua kuirusha. Nikafungua mdomo. Jentrix alikuwa pale kwenye meza anakata picha za pasipoti, na nikasikia mkasi umesimama.

"Hapana," nikamwambia yule mteja. "Sijawahi hata kuishika."

Akashukuru, akatoka, akaenda kwa jirani. Jentrix akaendelea kukata.