Filimbi ya Stesheni ya Babu

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, hapa Butembo, nilimwonea dada yangu Masika wivu hadi chakula kikanishinda. Yeye ndiye mzaliwa wa kwanza, na Babu alimruhusu yeye peke yake kuipangusa filimbi yake ya shaba kila Jumapili baada ya misa.

Filimbi ilitoka mbali kaskazini, kupita Beni, katika stesheni ya msituni ambako njia ndogo ya reli iliishia. Babu alikuwa mkuu wa stesheni hiyo. Magari ya moshi yalibeba kahawa na pamba, kisha yakawa yanakuja mara moja kwa mwezi, kisha yakakoma. Babu aliendelea kufagia stesheni mpaka miti ikaota katikati ya reli. Gari la mwisho lilimbeba dada yake mdogo. Hakurudi.

"Hii filimbi inajua kupeleka," alituambia. "Kurudisha, hapana. Musiipige. Mutu mwenye unawaza wakati unaipiga, ataenda."

Mimi nikayasikia hayo kama ahadi.

Jumapili moja Masika alikuwa akiisugua kwa majivu, nami nimetoka kula sombe, mboga ya majani ya muhogo. "Kabugho, weye angalia na macho tu. Mikono yako iko na mafuta ya sombe!"

Alipoingia jikoni niliinyakua, nikakimbilia nyuma ya migomba, nikamwaza yeye, nikapiga kwa nguvu zote.

Babu alitoka bila viatu. "Umewaza nani?"

"Hapana mutu, koko," nilimjibu Babu.

Aliichukua filimbi mkononi mwangu. "Donc, basi, ujue. Treni inaendaka. Mwenye kupiga filimbi anabakiaka chini."

Kabla ya mavuno ya maharagi, shangazi yetu wa Beni alikuja na pikipiki, akamchukua Masika akasome kwake. Nililia kwa woga. Wote walidhani ni upendo.

Leo Masika anamaliza sekondari. Mimi niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, tulipolikimbia shamba letu kwa sababu ya vita. Najua shangazi alikuwa amekwisha kupanga safari ile. Filimbi haimpeleki mtu shuleni. Hata hivyo wivu haujaniisha, sitadanganya.

Babu alipofariki, Masika aliniwekea filimbi mkononi. "Ikamate weye, mudogo wangu." Kisha akapanda pikipiki kurudi Beni.

Nilichokililia nimekipata. Kila Jumapili ni mimi ninayeipangusa.