Asubuhi Niliyomnasa Baba Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja niliyokwenda kuwinda pongo, nikarudi nikiwa nimemnasa baba mkwe. Usicheke bado, mjukuu wangu. Wewe unayekwenda kujitambulisha ukweni Jumamosi, umenyoa vizuri na viatu umeving'arisha mpaka vinaniumiza macho, kaa hapa kwanza. Chai ipo.

Mimi ni mtoto wa ziwani, mzaliwa wa Ukerewe. Nilikuja Mwanza kuvua, nikampenda Kabula, bibi yako, binti wa Mzee Masanja wa Buhongwa. Usiione Buhongwa ya leo na maduka yake. Enzi zile nyuma ya vilima kulikuwa na mawe na vichaka vitupu, na pongo, yule swala wa vichakani mwenye madoa, alitoka alfajiri kula majani karibu kabisa na mashamba. Siku hizi ukienda kuwinda bila kibali utaishia polisi, na pongo wenyewe walishahama zamani.

Mzee Masanja hakunikataa. Alisema tu kwamba hawezi kumpa binti yake mtu anayekula vitu vyenye magamba kila siku. "Njoo tuwinde," akaniambia. "Kila mtu na silaha yake."

Silaha! Mkuki nilikuwa sijawahi hata kuubeba. Nilikuwa na kisu cha kuparia samaki na wavu wangu mpya wa sato, mali yangu pekee ya maana duniani. Basi nikautia wavu begani, nikachukua na sato wa zawadi, nikatokea kwa mzee kungali na umande. Wawindaji walicheka mpaka mbwa wakaanza kubweka. Aliyecheka kuliko wote ni Mzee Luhende, mtunzi wa nyimbo za ngoma. Huyo kijiji kizima kilimwogopa, maana aibu yako ikimfikia leo, kesho inachezwa. Mzee Masanja aliwatazama wale samaki, akamwambia mkewe, "Wape paka. Leo tunakula nyama."

Nikapangiwa kukaa penye upenyo kati ya majabali mawili, nipige kelele mnyama akija upande ule. Wao wakaingia vichakani na mbwa. Nikakaa. Ndege wanaimba, jua linachomoza, na mimi nina mapenzi. Nikaona kupiga kelele peke yake hakutoshi, huyu mzee lazima anione mwanamume. Nikautandaza wavu wangu kwenye ule upenyo, nikaufunga kwenye miti huku na huku. Sikumwambia mtu.

Mara mbwa wakabweka, matawi yakavunjika, pongo akatokea mbio. Dume zuri, mwanangu, sijalisahau. Akauona wavu, akauruka bila hata kuugusa, akapotea. Nyuma yake akatokea Mzee Masanja, mkuki juu, macho kwa mnyama, kwa kasi ambayo sikuitegemea kwa umri wake. Yeye hakuruka.

Mkuki ulikwenda zake, mzee akabaki kwangu. Alikuwa amevaa koti lake la vifungo vikubwa, na hakuna kitu wavu unachokipenda kama kifungo. Kila alivyojitikisa ndivyo alivyozidi kujifunga, mpaka akalala ubavu, ananitazama.

Sasa elewa taabu yangu. Enzi zile mkwe hakuguswa. Ukikutana naye njiani ulimpisha na kuangalia chini. Na mimi hata jibu la posa nilikuwa sijapewa. Nikageuka nikalitazama jabali, nikasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba," sauti ikatoka wavuni. "Unangoja nini?"

"Baba, nitakushikaje? Wewe ni mkwe."

"Kwa hiyo nikae humu mpaka siku ya harusi?"

Nilitaka kucheka, na nilitaka kulia. Ndipo tukasikia sauti ya Luhende inakuja, anauliza Masanja kaelekea wapi. Nikamwona mzee anafumba macho. Mtu aliyenitisha miezi yote ile, leo alikuwa anaogopa wimbo. Kumfungua taratibu, kifungo kwa kifungo, kungechukua muda wa kuivisha maharage. Nikachomoa kisu, nikaupasua wavu wangu mpya kutoka juu hadi chini, nikamkamata mkwe wangu mkono, nikamwinua, nikamkung'uta majani mgongoni kama mtoto anayepelekwa kanisani. Wavu uliniuma moyoni, sikufichi.

Luhende akatokea, akautazama. "Huu umepasuliwa na nini?"

"Pongo," nikasema.

"Dume," Mzee Masanja akaongeza. "Kubwa sana."

Nyumbani tulikuta sufuria inachemka maji matupu. Ashukuriwe mama mkwe, aliyekuwa na akili kuliko sisi sote: paka hakupewa hata gamba. Tukala sato kwa ugali. Mzee alimaliza mpaka kichwa, hakusema neno. Na mimi sikusema, si siku ile wala baadaye, hata Kabula aliponibembeleza kwa kila njia anayoijua. Jioni nilikikuta kifungo cha koti kimenasa kwenye wavu, nikakitia mfukoni.

Jibu lilikuja, nalo lilikuwa ndiyo. Siku ya harusi mzee akasimama kutoa neno, amevaa koti lile lile, kifungo kimoja hakipo. Akaeleza yote mwenyewe, mbele ya mchungaji na mbele ya Luhende, tangu pongo alivyoruka hadi ile shikamoo. Watu walicheka mpaka wakashikilia meza. Kisha akanigeukia. "Binti nilishakupa siku ile ile," akasema. "Nilikuwa nangoja tu nione kama utasema." Akaniwekea wavu mpya mapajani. Nililia, mwanangu, mbele za watu.

Basi huko uendako wala usihangaike sana na viatu. Nenda na adabu zako zote, lakini ujue kwamba kumheshimu mtu si kutazama pembeni wakati amenaswa. Mshike umtoe, hata kama kitakachopasuka ni cha kwako. Halafu nyamaza. Siku akitaka kuicheka aibu yake, mwache aanze yeye, ndipo wewe ufuate.

Haya, maliza chai. Mungu akupe wakwe wanaojua kucheka, akupe mke kama Kabula, na kisu chako kisikose makali siku utakayokihitaji. Na kile kifungo hiki hapa. Kishone kwenye koti lako, upande wa ndani, asikione mtu.