Kalekye, Usinunue Sindano Nyingine

Mwanangu Kalekye, usiku wa kuamkia leo sikupata usingizi kwa sababu ya sindano.

Tangu shule zifungwe, kila ukitumwa chumvi unarudi na chumvi na pakiti ya sindano. Nyumba hii sasa ina sindano za kushonea kaunti nzima ya Makueni. Mama yako anadhani umependa ushonaji na ameshamshukuru Mungu kanisani, mbele ya watu. Mimi peke yangu ndiye ninayejua ukweli. Bi Rehema, anayeshona sare za shule hapa sokoni Kathonzweni, anatafuta msichana wa kumsaidia mchana wakati huu wa likizo, kukaza vifungo na kukunja sare, kwa maana Januari ikikaribia wazazi wote hukumbuka kwa pamoja kwamba watoto wao wamerefuka. Wewe unaitaka kazi hiyo mpaka chakula hakipiti. Unaingia dukani mwake, unasalimu, unaona haya, unanunua sindano, unatoka. Halafu unakuja kunivuta nguo:

"Mama mdogo, si uniulizie wewe? Wewe umesoma."

Nimesoma! Kana kwamba chuo kikuu kuna darasa la kuombea watu kazi.

Basi nikalala nikijigeuza kama chapati. Nikienda kukuombea, Bi Rehema atasema mtoto huyu hana mdomo, atawajibuje wateja? Nisipoenda, Jumatatu itapita na nafasi iwe ya mwingine, na mama yako ameshatoa hukumu: mtoto asiye na kazi likizo hii anakwenda Tseikuru kwa mjomba wangu, kuchunga mbuzi mpaka shule zifunguliwe. Na je, nikienda akakubali kwa kunionea haya tu? Na je, akikukubali kisha usiweze kazi, lawama itakuwa ya nani? Mpaka jogoo anawika nilikuwa bado kwenye "na je".

Najua utasema mama mdogo si mzee wa kutoa nasaha. Ni kweli, sina mvi, na wewe umebeba jina la mama yangu, kwa hiyo kila nikikugombeza nahisi ninamgombeza yeye. Lakini mtoto wa dada yangu ni mwanangu, na aliyetangulia kuumwa na nyoka ana haki ya kuonyesha shimo. Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo utakimbilia jikoni kwa mama yako kabla sijafika katikati.

Kuna siku moja ambayo siwezi kuisahau hata nikitaka. Nilikuwa na umri wako, tukiishi karibu na soko la Tulia, kule Kitui. Baba yangu alikuwa na sheria ile ile ya mama yako, au tuseme mama yako aliirithi kwake: mtoto hakai bure mwezi mzima, ama kazi ama mbuzi wa Tseikuru. Nilikuwa nimewaona mbuzi wale. Hawamheshimu mtu. Nikasikia kwamba Mwaitu Ndunge anatafuta msichana wa kuosha vyombo na kupeleka chai mezani siku za soko. Tulimwita Mwaitu, yaani mama, soko zima, hata wazee waliomzidi umri. Hoteli yake ilikuwa ya mabati, meza chache, na muthokoi wake, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ulikuwa laini hata asiye na meno aliagiza mara ya pili.

Nikavaa nguo ya kanisani. Njia nzima nikafanya mazoezi ya maneno yangu, nikayapanga vizuri kama shairi la mashindano. Nikafika.

"Wakya?" akanisalimu.

"Aah," nikaitikia.

Akaniuliza mama hajambo. Hajambo. Mvua imefika kwenu? Imefika kidogo. Mbuzi amezaa? Amezaa. Akaniwekea chai na mandazi. Sasa, bibi yangu alikuwa ametufundisha kwamba mtoto mwenye adabu hatoi neno lake mpaka aulizwe limemleta nini. Nikangoja kuulizwa. Mwaitu Ndunge naye alikuwa na wateja, hakuuliza. Chai ikaisha. Nikasema asante, nikaenda nyumbani.

Siku ya pili nikarudi. Akanitazama kidogo.

"Mama yako amekutuma?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguka wazi, Kalekye. Mtu mwenye akili angeupitia. Mimi nikasema, "Amesema nikusalimie."

Uso wake ukang'aa. Akachukua bakuli, akalijaza muthokoi, akasema nimpelekee mama, mwanamke mwenye moyo kama huo siku hizi haonekani. Nikalibeba bakuli la salamu ambazo hakuna aliyezituma.

Mama hakuelewa, lakini alijua jambo moja: bakuli la mwenzio halirudi tupu. Kesho yake akalijaza mapapai, akanituma nilirudishe. Mimi nikafurahi, nikaona Mungu amenipa sababu ya kwenda tena. Mwaitu Ndunge alipoyaona mapapai akaweka mikono kiunoni. Hoteli ilikuwa imejaa.

"Salamu jana, mapapai leo. Kesho mtaniletea mbuzi wa posa? Mwambie mama yako kijana wangu wa Nairobi ameshaoa!"

Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mzee mmoja wa kuuza kamba akapaza sauti, "Mwaitu, usikatae haraka, hebu kwanza tuonje mapapai!"

Nikaanza kulia. Maneno yangu yote ya mazoezi yakaniponyoka, yakabaki manne tu, nayo yakatoka na kamasi: "Mimi nilikuwa nataka kazi."

Kicheko kikakatika. Mwaitu Ndunge akaniangalia kwa uso ambao mpaka leo sijui kama ulikuwa wa huruma au wa kuchoka.

"Kazi? Na siku zote hizi unakunywa chai yangu?"

"Nilikuwa nangoja uniulize."

"Nikuulize! Mimi nitajuaje kilicho tumboni mwako? Jana jioni alikuja msichana wa yule fundi wa viatu. Hata hakukaa. Alisimama pale mlangoni, akanisalimu, akasema, 'Mwaitu, nataka kazi.' Nikampa. Ndiye yule."

Nikageuka. Msichana mdogo kuliko mimi, kanga imefungwa kiunoni, anapita na vikombe kama aliyezaliwa navyo.

"Uliogopa nini?" akaniuliza Mwaitu Ndunge.

"Niliogopa utakataa."

"Kukataa ni neno moja. Umeona limempasua nani kichwa? Wewe umelikimbia, na angalia, sasa umekataliwa na kazi umeikosa. Adabu ni ya kusalimia, mtoto wangu. Ukishasalimia, sema. Mdomo uliofungwa haupati hata nzi." Akafikiri kidogo, akanipa kitambaa cha kujifunga. "Lakini mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe sina. Nina masufuria."

Nikayasugua masufuria mpaka jua likapinda, bila ujira, kulipia mandazi niliyokula kwa uongo. Wiki iliyofuata nilikuwa Tseikuru. Sitakueleza habari za jua la kule, wala yule beberu mwekundu aliyekula kitabu changu cha hesabu. Mbuzi hawajali kama una aibu. Nilikuwa na muda mrefu wa kufikiri, na kama unavyonijua, niliutumia wote.

Likizo ya Aprili nilirudi kwa Mwaitu Ndunge. Nilisimama mlangoni, nikasalimu, na kabla hajanionyesha kiti nikasema, "Mwaitu, nataka kazi." Akacheka, akaita jikoni: "Haya, baada ya mimba ndefu tembo amezaa!" Nikafanya kazi kwake kila likizo mpaka nikamaliza shule ya upili. Nilijifunza kumtuliza mteja mkali kwa maneno matamu, na kujua kwa kutazama mkono wa mtu kama chai imemchoma au imepoa. Hayo sikuyapata chuoni.

Haya. Ningeweza kuishia hapo, nikupe methali moja, nikuambie nenda. Ndivyo nilivyokuwa nimepanga. Lakini juzi nilipokuwa nikikugombeza uwanjani, nikikuambia mtu hawezi kuishi kwa kununua sindano, mama yako alikuwa akichambua pojo kwenye ungo pale kizingitini. Hakuinua kichwa. Akaniuliza tu:

"Na wewe, ng'ombe wa mwalimu mkuu wanaendeleaje?"

Wewe ulicheka bila kujua kwa nini unacheka. Mimi nilijua. Tangu nihitimu niko kwenu, mwaka unaisha. Shule iliyo karibu na kanisa letu inahitaji mwalimu wa muda, na kila Jumapili baada ya ibada namsalimu mwalimu mkuu. Namuuliza ng'ombe wake. Namuuliza miembe yake imepata dawa. Amefikia kuniletea maziwa, maskini, akiamini mimi ni mpenda mifugo. Mwanamke mzima, na shahada juu, bado nanywa chai na kungoja kuulizwa. Nyani haoni kundule. Hiyo ndiyo sababu nyingine iliyoninyima usingizi, na ndiyo iliyonichosha zaidi, kwa maana hasira zote nilizokuwa nazo juu yako zilikuwa zimekosea mlango.

Nilipochoka na "na je" zangu nikaamua mambo mawili. La kwanza, siendi kwa Bi Rehema. Hata ukinivuta nguo ikachanika, na sindano za kuishona tunazo. La pili nimeshalitenda. Asubuhi hii, kabla hujaamka, nilikwenda nyumbani kwa mwalimu mkuu. Mkewe akaniletea kiti. Nikakataa kukaa, akashangaa. Nikasema nikiwa nimesimama: "Mwalimu, nimekuja kuomba ile nafasi ya kufundisha."

Akasema, "Ala! Mbona hukusema? Nilimpa mtu Jumatano."

Ndiyo, Kalekye. Tena. Tseikuru ya pili, bila mbuzi. Nilitamani kulia na sikulia; nikamuuliza kama ataniambia nafasi nyingine ikitokea, na shule gani jirani inahitaji mwalimu. Akanitajia moja, iko upande wa mto, akasema nimwone mkuu wake mwenyewe Jumatatu asubuhi. Nikarudi nyumbani kwa miguu. Nimejipapasa kichwa. Hakijapasuka.

Kwa hiyo sikiliza, na usinifanye nirudie. Jumatatu utaamka, utaoga, utavaa nguo safi lakini si ya kanisani. Pesa utaiacha nyumbani, usije ukanunua kitu. Utaingia kwa Bi Rehema. Yeye ni Mwislamu, watu wake walitoka Pwani, na salamu kwake ni ndefu. Mwamkie shikamoo, umjibu habari zote anazouliza, usimkate. Akimaliza kuvuta pumzi, sema: "Bi Rehema, nataka kazi ya mchana." Usieleze kwamba mama mdogo amekutuma, kwa sababu sikukutuma. Akisema ndiyo, muulize uanze saa ngapi. Akisema hapana, mshukuru, muulize nani mwingine anatafuta mtu, uende huko kabla machozi hayajakauka. Aombaye hupewa au hunyimwa, lakini anayengoja kuulizwa huwekewa chai.

Tutatoka nyumbani pamoja. Penye njia panda ya soko mimi nitashika njia ya mto, wewe utashika ya madukani, na hakuna atakayegeuka kumwangalia mwenzake.

Bibi yangu angekutemea mate kidogo kiganjani, akubariki. Mate yangu bado hayana uzito huo. Lakini mwenye jina lako, mama yangu, akubariki kupitia kwangu: mdomo wako ufunguke kabla mlango haujafungwa, neno la hapana likupitie kama upepo upitavyo kwenye ungo, upeperushe makapi na kukuachia nafaka. Na mbuzi wa Tseikuru wakungoje bure.