Kiti cha Rumonge na Fundi Asiyekiona Tena

Saa moja ya asubuhi, Fundi Aruna bin Uledi amepiga goti mbele ya kiti ambacho hakijapata miguu. Anapitisha kiganja juu ya egemeo, toka bega la kulia mpaka la kushoto, kisha anarudia kwa mgongo wa mkono. Mahali fulani anasimama. Anachukua jani la msasa, anasugua mara nne, anapuliza unga wa mbao, anagusa tena.

"Hapa iko kilima," anasema. "Wewe hukioni, bwana mwandishi. Mimi pia sikioni. Lakini iko."

Mwandishi wa habari hizi anainama na kuweka kidole alipoonyeshwa. Hasikii kitu. Fundi anatabasamu kidogo na kuendelea kusugua.

Macho yake yako wazi, nayo ni mazima kwa kuyatazama. Ana miaka kama hamsini. Kibanda chake cha kazi kiko juu ya kilima, mwendo wa saa moja kutoka ziwani, mahali walipohamishiwa watu wa Rumonge wakati malale yalipoenea pwani ya Tanganyika. Chini huonekana maji, na kando ya maji ufuko mtupu uliofyekwa kwa amri ya serikali. Miti mikubwa imelala ilikoangukia.

Wapita njia humsalimu bila kusimama. "Amahoro, Fundi." Naye huitika "Amahoro" kwa kila mmoja, akitaja jina lake kwa kusikia sauti.

Wasomaji wengi wa Dar es Salaam na Tanga hawajapata kulisikia jina la Aruna. Lakini wale wanaoingia katika nyumba za wakubwa wa serikali ya Kidachi huenda wamekiona kiti chake. Ni kiti kipana cha mvule, egemeo lake limepinda kama mbavu, na mahali pake pa kukalia pamesukwa kwa kamba za mchikichi. Hakina msumari hata mmoja. Hufunguliwa vipande saba vikawa mzigo wa mpagazi mmoja, kisha huunganishwa tena bila nyundo. Chini yake huwa na chapa ya moto yenye umbo la ndege, na kwa sababu ya ndege huyo watu wa Rumonge huiita kampuni inayokiuza Ulaya "Kampuni ya Korongo". Katika kitabu cha picha za bidhaa zake, kiti hicho kimeandikwa jina la msanifu mmoja wa majumba wa Kidachi.

Aruna hakukibuni kwa ajili ya Ulaya.

"Ilikuwa ni mama yangu, Kulthumu," anasema. "Alianguka na mtungi wa mawese, mgongo ukaharibika. Kigoda kilimuumiza, kitanda kilimuumiza. Alikuwa analia akikaa, analia akilala. Mimi nilikuwa seremala wa milango, nimefundishwa Ujiji na baba. Nikajiambia, fundi gani huyu ambaye mama yake hana pa kukaa?"

Alimtengenezea kiti, mama akasema kinauma. Akatengeneza cha pili, cha tatu. Kwa miaka miwili alimkandia udongo mbichi mgongoni, akaungoja ukauke, akauchukua akaenda kuchonga mbao kwa kuufuata. Kiti cha tisa, mama yake alikaa tangu adhuhuri hadi alasiri bila kusema neno. Fundi alipokwenda kumtazama alimkuta amelala usingizi.

Mwaka 1907 Bwana Wendelin, msanifu majumba, alipita Rumonge akitafuta mbao za nyumba za serikali. Alikiona kiti hicho barazani, akaomba ruhusa ya kukikalia. Siku hiyo hakuendelea na safari. Alikaa Rumonge siku arobaini.

"Alikuwa mtu wa kuuliza," Aruna anamkumbuka. "Wazungu wengine huja na jibu lao. Huyu aliuliza, kisha akanyamaza. Alichora kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi, mimi nikachora kwa ncha ya patasi kwenye mchanga. Akisema mguu uwe mwembamba, namwambia utavunjika. Nikisema uwe mnene, ananiambia mpagazi hatafika Tabora. Tukagombana mpaka tukapata."

Wazo la vipande saba ni la Bwana Wendelin. Mpindo wa egemeo ni wa Aruna. Kampuni ya Korongo ilikubali kununua viti kumi na viwili kila msimu, rupia tatu kwa kimoja, ikamletea chuma cha kupigia chapa. Mkewe, Batuli, ndiye aliyekuwa akisuka mahali pa kukalia. Waliishi vizuri kwa miaka miwili.

Kisha, mwanzoni mwa mwaka 1909, Batuli akaanza kusinzia kazini.

"Mikono ilisimama katikati ya kusuka," asema Zena, binti yao wa pekee, ambaye sasa ana miaka ishirini na mitatu. "Ninamgusa, anaamka, anasuka mistari miwili, analala. Alikuwa anaona haya. Aliniambia, mwanangu, usimwambie baba yako, nitamaliza tu. Kiti hicho alikifikisha nusu."

Batuli alifariki kabla ya mvua kwisha. Wiki ya tatu baada ya mazishi, askari walipita nyumba kwa nyumba pamoja na daktari aliyekuwa akipapasa shingo za watu. Aruna alikutwa na uvimbe. Alipelekwa kambi moja ya malale pwani hiyo hiyo, akalala chini juu ya jamvi, akawa anachomwa sindano.

Katika mwezi wa tatu aliona kama moshi. Alidhani ni moto wa jikoni, akawauliza wenzake nani anachoma majani mabichi. Hakuna aliyekuwa akichoma kitu. Moshi ukazidi. Siku moja akaamka, akangoja kupambazuke, akangoja mpaka aliposikia wengine wanagawiwa uji.

"Nikauliza, mbona wanagawa uji usiku? Jirani yangu akaniwekea bakuli mkononi. Yeye aliona, lakini alikuwa anajua zamu itamfika na yeye."

Daktari alimweleza kwa kinywa cha mtumishi wake kwamba dawa ile huua malale, lakini kwa baadhi ya watu hula macho. Katika watu thelathini na mmoja walioingia kambini pamoja na Aruna, kumi na wanne walikufa na tisa wakapofuka. Mwandishi wa habari hizi alipokwenda kambini kuuliza, aliambiwa kwamba daktari yuko kazini na hana nafasi.

Aruna aliporudi baada ya miezi mitano, nyumba yake haikuwapo. Ufuko ulikuwa umefyekwa na majengo kuteketezwa ili mbung'o, wanaoambukiza malale, wasipate kivuli. Karakana ilikuwa majivu. Zena alikuwa ameokoa sanduku la zana, chuma cha chapa, na kile kiti cha nusu cha mama yake.

"Nilikaa miezi bila kushika randa," Fundi anasema. "Nilikuwa nafikiri, nimekwisha."

Ni Zena aliyemrudisha. Siku moja alimwekea ubao mapajani, akachukua kisu, akakata mstari mdogo mahali ambapo mafundi wengine hupiga alama ya kalamu ya risasi. Akashika kidole cha baba yake akakiweka kwenye mkato.

"Nilimwambia, baba, hapa ndipo pa kukata," anasimulia. "Akasema, siyo hapo, umekosea kwa unene wa ukucha. Alikuwa amesema kweli."

Kwa hiyo wakaanza. Zena alipima na kukata alama, Aruna akapasua, akachonga, akapiga randa. Viti vitatu vya kwanza viliharibika, wakavichoma moto. Cha nne kilisimama. Zena akamalizia kusuka kile cha mama yake, kisha akasuka vyote vilivyofuata. Kwa misimu miwili waliipelekea Kampuni ya Korongo viti kumi na viwili kama zamani, na barua ikarudi kwamba kazi imependeza.

Je, kampuni ilijua?

"Hatukusema uongo," anasema Zena, macho yake yakitazama chini. "Hatukuulizwa."

Mwezi wa Mei mwaka jana waliulizwa. Wakala wa kampuni, Bwana Emmerich, alishuka kwa meli ya serikali akapanda kilima, akiwa na mchoro wa kiti kipya, kirefu, cha kujinyoosha. Bwana Wendelin alikuwa ameuchora Ulaya, akaagiza kiti kisianze kutengenezwa kabla Fundi Aruna hajatoa maoni yake.

Bwana Emmerich aliutandaza mezani, akaukandamiza kwa mawe mawili.

"Mguu huu wa nyuma, Fundi, waonaje?"

Zena alianza kumweleza baba yake kwa Kirundi, haraka haraka, kana kwamba anamkaribisha mgeni: mguu umelala, unatoka chini ya mahali pa kukalia, una kona mbili. Aruna aliinama, akaweka kidole kwenye karatasi, akasema kwa utulivu kwamba hapa pataachia mtu mzito akijinyoosha.

Maneno yalikuwa sahihi. Kidole kilikuwa juu ya jina la Bwana Wendelin, pembeni kabisa ya mchoro.

Wakala alikitazama kidole, akamtazama Fundi. Kisha akapunga mkono mbele ya uso wa Fundi.

"Tangu lini?"

"Huu ni mwaka wa tatu."

"Na viti vya mwaka jana?"

"Ni vyangu."

"Vya mwaka juzi?"

"Vyangu, bwana."

Bwana Emmerich alikichukua kiti kimoja kilichokuwa tayari, akakipindua, akakifungua vipande vyote saba, akavitazama kwenye mwanga kimoja kimoja. Akakiunganisha tena, akakikalia. Zena anasema alikaa muda wa kuchemsha maji.

"Sikuona kosa," alisema mwishowe. "Lakini mteja wa Ulaya ananunua kwa jicho. Akiniuliza ni nani huku Rumonge anayeitazama kazi yetu, nimjibu nini?"

"Mjibu kwamba hakuna anayetazama," Aruna alisema. "Iko anayeshika."

Wakala alilipia viti vilivyokuwapo, hakupunguza kitu. Alimpa Fundi mkono. Kisha akamwomba Zena ile chapa, akaifunga ndani ya kitambaa, akaitia katika mfuko wake wa ngozi na kuteremka kilimani.

Barua ya Bwana Wendelin ilifika mwezi wa Novemba. Aliiandika mwenyewe kwa Kiswahili, na karani wa kambi ndiye aliyewasomea. Alisema kwamba Kiti cha Rumonge sasa kinatengenezwa Ulaya kwa mashine. Alisema amebishana na wenye kampuni, akashindwa. Aliomba radhi kwamba jina la Aruna halikuwahi kuandikwa katika kile kitabu cha picha. Alidhani ipo siku angelitia, akachelewa.

Aruna alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba karani atazame tena kama kuna habari za egemeo.

Zilikuwapo. Mashine haikuweza kuupinda mti vile ilivyotakiwa, kwa hiyo egemeo limenyooshwa.

"Baba aliinuka," asema Zena. "Alichukua fimbo yake akaenda nje. Nilimwacha. Aliporudi akaniuliza, zile mbao za mvule zilizobaki ziko ngapi? Nikasema, saba."

Siku hizi wanauza kiti kimoja kimoja kwa wafanyabiashara wa mawese wanaopita, rupia moja na nusu, na miezi mingine hakiuzwi hata kimoja. Zena husuka mikeka na kuuza mihogo ya shamba la jirani yao, Chausiku, kwa kugawana. Mwezi uliopita walikula mara moja kwa siku kwa siku kumi na moja. Fundi hataki jambo hili liandikwe. Zena anataka liandikwe.

Lakini mbao zile saba alizouliza hakuzifanyia viti. Kila Jumatatu na Alhamisi, Zena humshika baba yake mkono wakateremka mpaka kule kambini. Wale vipofu tisa, Aruna akiwa mmoja wao, sasa wamebaki saba. Watatu wamekubali kujifunza kazi. Mmoja ni Hadji, aliyekuwa mvuvi wa dagaa, ambaye amezoea kufunga fundo bila kutazama. Mguu wa mbao aliouchonga kwanza ulitoka umepinda hata wenyewe wakacheka, na mtumishi wa kambi akaja kutazama kumetokea nini, kwa kuwa kicheko si jambo la kawaida pale.

Wanatengeneza vitanda. Wagonjwa arobaini walikuwa wanalala chini, na masika yakianza maji hupita chini ya kuta. Aruna ameomba kwa daktari apewe ile miti iliyoangushwa ufukoni, inayooza bure, pamoja na banda la kufanyia kazi. Ombi lilipelekwa tangu Desemba. Jibu halijaja.

Vitanda viwili vimekwisha. Ni vifupi kwa kimo, mguu wa kichwani umezidi wa chini kwa upana wa vidole vitatu, na pembeni vina ukingo uliochongwa wa mviringo.

Mwandishi anauliza kwa nini ukingo huo.

"Mtu wa malale hulala bila kujijua, akaanguka," Fundi anajibu. "Na akishika mahali pa kuinukia, mkono wake hauna nguvu, unataka kitu cha kujaa kiganja. Nimelala pale chini miezi mitano, bwana mwandishi. Baridi inaingilia wapi najua, na maji pia."

Bado thelathini na nane. Anahesabu kwamba, watatu wakijifunza upesi na daktari akikubali, vitafika ishirini kabla ya mvua kubwa. Na daktari asipokubali?

"Mbao ninazo za kitanda kimoja zaidi," anasema. "Tutakianza Alhamisi."